Nyumba Tuliyomjengea Mjane

Sisi wa kikundi cha matendo ya huruma tunajulikana katika parokia yetu kwa vitambaa vya kijani na kwa sufuria. Vitambaa tunajifunga kichwani tukienda kuwaona wagonjwa. Sufuria, zile kubwa za kupikia watu wa matanga, tunaziazima kwa yeyote aliyefiwa, pamoja na viti na turubai. Mtoto akikosa sare ya shule tunashona, mgonjwa akilazwa bila mtu wa kumletea uji tunapeleka. Mimi nilikaribishwa kundini kwa sababu nina cherehani na mdomo, na mama mwenyekiti alisema vyote viwili vinahitajika. Sina upole wa wenzangu. Mgonjwa akiniambia uji hauna sukari, namwambia hata mimi kwangu nakunywa hivyo hivyo.

Wazazi wangu walikuja Kisumu kutoka upande wa Kakamega kutafuta kazi, nami nikazaliwa Kaloleni, katika zile nyumba za baraza la mji. Dholuo, lugha ya Waluo wa pale, nilikiokota mferejini nikichota maji na watoto wa majirani. Nakizungumza vizuri kiasi kwamba watu husahau mimi si wa kwao, na mara nyingi hata mimi husahau.

Mwaka ule ziwa lilipopanda, lilikula bustani kwanza, kisha likaingia majumbani. Watu wa ufuoni, kutoka Dunga kwenda mbele, waliamka wakakuta viatu vinaelea. Parokia ikafungua madarasa ya chekechea, familia zikalala humo kati ya picha za wanyama na herufi. Miongoni mwao alikuwemo mjane mmoja, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye sote tulimfahamu kwa sababu alikuwa akiongoza kwaya ya kigango chao.

Tulimfahamu pia kwa jambo lingine. Mumewe alipofariki, shemeji yake alikuja kudai kumrithi, jinsi desturi inavyosema: mjane achukuliwe na ndugu wa marehemu, awe mke wa boma kama zamani. Alikataa. Inasemekana alimfukuza shemeji na mwiko wa ugali mkononi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akisema mwiko huo watu wameuongeza. Kanisa lilimpenda kwa kukataa kule. Kila paliposemwa habari za ndoa na wajane, yeye ndiye aliyeitwa mbele atoe ushuhuda, naye alisimama akatoa, akakaa chini akipigiwa makofi.

Basi tulipoamua kujenga nyumba moja ya mfano kwa mmoja wa wale waliofukuzwa na maji, hatukujiuliza mara mbili ni nani.

Kila jumuiya ilileta mabati yake. Mengine yalikuwa mapya, mengine yaling'olewa kwenye vibanda vya kuku, kwa hiyo paa lile lilikuwa la rangi rangi ukilitazama kutoka barabarani. Wanaume wa parokia walileta nguzo. Sisi wanawake tulibeba mchanga na maji, tukacheka sana siku zile, nami nilipenda kikundi chetu kuliko wakati wowote. Fundi alikuwa mtu wa kwetu Kakamega, mwepesi wa kazi na mzito wa maneno. Kiwanja kilikuwa ndani ya boma la marehemu mumewe, sehemu ya juu ambako maji hayakufika.

Asubuhi ya kuanza, mjane alikuwa akitupikia chai. Alinyanyuka kutoka mekoni, akaja kwa mama mwenyekiti akiwa bado ameshika kikombe.

"Na nani ataanza?" akauliza.

"Mungu ataanza," mama mwenyekiti akajibu, na sote tukacheka, tukaanza rozari. Fundi akachimba shimo, akasimamisha nguzo ya kwanza. Shemeji mtu alikuwa amesimama upande wa pili wa ua, ameegemea fimbo kwa ajili ya mguu wake mbovu. Hakutusalimu. Mimi nilimwona nikafikiri ni kijicho.

Nataka ieleweke kwamba wengi wa kikundi chetu ni Waluo, waliozaliwa na kulelewa katika mambo haya. Walijua vizuri swali lile lilikuwa linauliza nini. Nyumba ya mjane huanzwa na mwanamume wa boma, yule aliyemrithi. Yeye ndiye huchimba shimo la kwanza. Bila hivyo mwanamke akilala humo, kuna chira, ile laana inayowakondesha watu na kuua watoto wa boma mmoja baada ya mwingine. Walijua. Mama mwenyekiti mwenyewe, walipohamia boma lao jipya huko mashambani, mumewe alitangulia na jogoo na shoka pamoja na mtoto wao wa kwanza, kila kitu kwa utaratibu wake. Lakini sisi tulikuwa watu wa kanisa, tumevaa kijani, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshayaacha mambo hayo.

Padri alikuja kubariki. Hakuwa mtu wa ziwani, alikuwa bado kijana, na alinyunyiza maji ya baraka kila pembe mpaka kuta zikatiririka. Fundi akapigilia msumari kwenye nguzo ya sebuleni, tukatundika msalaba. Mjane akaimba. Tukapigwa picha mlangoni, kisha tukarudi mjini tumechoka na kuridhika.

Nilirudi peke yangu baada ya majuma kadhaa kumpelekea mapazia niliyomshonea. Mlango wa nyumba ulikuwa na kufuli. Nilizunguka nyuma nikamkuta jikoni, katika kibanda alichojisimamishia kwa mabati yake yaliyookolewa majini, matatu upande huu na turubai upande ule. Mkeka wake ulikuwa umekunjwa kando ya mafiga. Msalaba wetu ulikuwa ukining'inia juu ya mkeka kwa uzi wa nyavu. Nilichungulia dirishani kwa ile nyumba: magunia ya omena, yamepangwa vizuri, hadi katikati ya chumba.

Nilishikwa na hasira ambayo hata sasa naweza kuihisi kifuani.

"Dada, tumebeba mchanga kwa kichwa," nilimwambia. "Umelaza samaki kwa nyumba ya simiti na wewe unalala kwa moshi?"

"Kaa chini kwanza, nyaminwa," akasema. Nyaminwa ni dada yetu. Alikuwa akiniita hivyo siku zote. Akanipa kigoda, yeye akabaki amechuchumaa akipepeta omena. "Mimi sijakataa nyumba. Nyumba ni mzuri. Shida ni kijana yangu."

Kijana wake, mtoto wake wa pekee aliyebaki, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Mamboleo, pembeni mwa mji. Mkewe alikuwa na mimba. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka, ya pili nayo vilevile, na watu wa boma walikwisha kumwambia kwa nini: mama yako alimkataa mtu. Sasa mimba ya tatu ilikuwa imeshika, na kijana akapiga simu akamwambia mama yake, ukilala katika nyumba hiyo mimi sitakanyaga hapo tena.

"Na wewe unaamini hiyo chira?" nikamwuliza.

"Mimi? Hapana. Ningeamini si ningekubali huyo mzee kitambo." Akapuliza makapi. "Lakini sikia. Huyo mtoto akipotea, iwe ni malaria, iwe ni nini, kijana yangu ataniangalia mimi. Hatasema kitu. Ataniangalia tu. Hiyo ndiyo siwezi. Mtoto azaliwe salama, mimi naingia siku hiyo hiyo, hata kama simiti iko na samaki."

Nilitundika mapazia yale hata hivyo, kwa ukaidi, kwenye madirisha ya chumba cha omena.

Habari ilifika kundini kabla yangu. Katika mkutano wetu uliofuata, chini ya dari la ukumbi wa parokia linalovuja, maneno yalikuwa makali. Wengine walisema ametuaibisha. Mmoja akasema familia nyingine zingali darasani na watoto wa chekechea wanasomea nje. Nyumba ivunjwe, mabati yapewe mwenye kulala. Padri alisema nyumba imekwisha kubarikiwa, mwenye imani hana la kuogopa, aambiwe. Nilisimama nikawauliza ni nani kati yao aliyejenga kwao bila mzee wa boma kuchimba shimo. Walitazama viatu vyao. Mama mwenyekiti alinikasirikia kwa muda mrefu kwa ajili ya swali hilo, lakini nyumba haikuvunjwa.

Ni yeye, hata hivyo, aliyetafuta njia. Alikwenda kwa shemeji mtu, wakaongea. Kumbe siku hizi kuna namna nyepesi: mzee halazimiki kulala na mjane wala kumgusa. Analeta koti lake, linatundikwa ndani ya nyumba usiku mmoja, linahesabiwa kuwa yeye. Asubuhi analichukua anakwenda zake, na boma limetulia.

Tulimwendea mjane pamoja, mama mwenyekiti na mimi, na shemeji akaja na koti lake mkononi. Lilikuwa lile la kahawia analovaa Jumapili. Alikuwa akisali kigango kilekile, benchi la nyuma kabisa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Lakini alisimama pale akilikunja na kulikunjua, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hana haja na mke, aliye naye anamtosha na kumzidi. Anataka tu mtoto wa ndugu yake ajenge, apate watoto, boma lisife.

Mimi ndiye niliyembembeleza zaidi. Nilimwambia mjane ni kitambaa tu, dada, ni pamba na vifungo. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na kibanda chake kilikuwa kimelowa hadi kwenye mafiga.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia shemeji, bila ugomvi, kwa heshima kabisa, "Yuora, shemeji yangu, nilikukataa wewe ukiwa mzima na miguu yako. Sasa nitakubali koti?" Akatugeukia sisi. "Na nyinyi. Mliniweka mbele ya watu wote niseme vile nilikataa. Mlipiga makofi. Hiyo makofi ilikuwa ya nini?"

Mama mwenyekiti alifungua mkoba wake, akaufunga. Tuliondoka. Njiani nilimlaumu mjane kwa kiburi, nikimwambia mama mwenyekiti kwamba mtu mwenye shida hachagui, na mwenzangu akaitikia kila neno. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kupatana tangu ule mkutano.

Masika yale hayakuwa na huruma. Ziwa lilipanda tena kidogo, likarudi, likaacha matope na mbu. Kila nilipokwenda nilimkuta mahali pale pale, mkeka umehamishwa kutoka upande mmoja wa mafiga hadi mwingine kulingana na mahali palipovuja siku hiyo, na kila mara kikohozi alichokipata kwenye unyevu ule kimeshuka kifuani zaidi. Kwaya aliiacha, akasema atarudi sauti ikipona. Nilimpelekea blanketi, nilimpelekea dawa, nilimgombeza. Nyumba ilikuwa hatua chache tu kutoka pale, kavu, ina mapazia. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nilitamani kumkokota. Siku moja nilimwambia angalau alale barazani, nje ya mlango, na akaniuliza barazani ni kwa nyumba au si kwa nyumba. Tulicheka wote wawili mpaka kikohozi kikamshika.

"Ni mwezi huu," akaniambia alipotulia. "Mke wa kijana ako karibu. Nitaingia na wewe, uniletee ile uji yako haina sukari."

Mtoto alizaliwa, msichana, mzima. Kijana alimpigia mama yake kutoka hospitalini, lakini aliyeshika simu ni mimi, kwa sababu wakati ule mjane naye alikuwa amelazwa, hospitali nyingine, na oksijeni puani. Nimonia, walisema. Nilimwekea simu sikioni. Kijana alikuwa akisema, "Mama, ni msichana, Mama, amelia vizuri," akirudia rudia. Mjane alifumba macho akatabasamu. Alijaribu kusema, sauti haikutoka, akaniashiria kwa mkono, ishara ya kufungua mlango kwa ufunguo.

Alifariki kabla mtoto hajatimiza juma.

Tulipeleka sufuria. Tulipeleka viti na turubai, na vitambaa vya kijani vichwani, tukapika katika boma lile siku mbili mfululizo bila kuimba. Mwili ulitoka mochari alasiri, ukafika boma likiwa limejaa watu. Desturi inataka mama alale ndani ya nyumba yake usiku wa mwisho, na nyumba yake ilikuwa moja tu. Magunia ya omena yalikuwa yametolewa na sakafu imeoshwa. Niliwahi kuingia mbele ya wabeba jeneza kutandika shuka, nikakuta koti la kahawia limetundikwa kwenye ule msumari wa nguzo ya sebuleni.

Watu wa boma walikuwa wamelitundika tangu jana yake. Mjane aliyekataa maisha yake yote alikuwa amerithiwa akiwa mochari, ili jeneza liweze kupita mlangoni.

Nililishusha. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Nilikuwa na maneno ya kumwambia kila mtu katika boma lile, kuanzia mama mwenyekiti mpaka padri aliyekuwa ameketi nje chini ya turubai letu akingojea ibada na asiyeuliza chochote. Nilikwisha kugeuka na koti mkononi nilipomwona kijana wake amesimama mlangoni. Alikuwa bado na madoa ya moto wa kuchomelea kwenye mikono ya shati. Nyuma yake mkewe alikuwa amembeba mtoto, amefunikwa kabisa, unaona tu kisigino.

"Mama," akaniambia, "tafadhali."

"Mama yako alikataa hii. Unajua alikataa."

"Najua." Alikuwa akilia bila kujifuta. "Najua, Mama. Lakini yeye anaenda. Huyu mtoto ndio anabaki hapa."

Hakunigusa, hakujaribu kuninyang'anya. Alinitazama tu. Na ndipo nilipokuelewa kule kutazamwa ambako mjane aliniambia hawezi, kule alikokukimbia hadi jikoni kulala kwenye maji. Nje wabeba jeneza walikuwa wamesimama wakingojea, mabega yamewainama. Nilifikiri juu ya kukataa kwake, nikafikiri juu ya mkeka uliohamahama kando ya mafiga kwa ajili ya kisigino kile, na sikuona namna ya kuvilinda vyote viwili. Bado sioni. Watu huniuliza kwa nini siku hizi nanyamaza katika mikutano ya kikundi, tunapopanga nyumba ya mwingine.

Nilikung'uta koti mabegani, nikalirudisha mahali pake. Kisha nikaenda jikoni nikaufungua msalaba kutoka kwenye ule uzi wa nyavu. Ulikuwa umeshika masizi, nikaufuta kwa kitambaa changu cha kijani. Nilipoingia tena, jeneza lilikuwa limewekwa chini na wanawake wameanza kulia. Niliuweka msalaba juu ya jeneza, maana katika nyumba nzima tulikuwa tumepigilia msumari mmoja tu wa kutundikia kitu.